Matundu Manne ya Konokono

Desemba 3, Jumanne

Leo nimekabidhiwa gari ambalo si gari. Lina vitanda viwili, jiko, sinki, jokofu la kutosha samaki wawili wa ziwani, mbasa wasio na makuu, na choo ambacho sitakiandika zaidi ya hapa. Watoto wa hapa kijijini Kihagara wanaliita Konokono kwa sababu linatembea na nyumba yake. Mwenyewe, Dada Edina, amelipokea jina. Anasema kule Ujerumani alikofanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na mmoja, wako wastaafu wanaouza nyumba wakanunua konokono kama huyu. Sikumwamini, lakini sikubisha. Nimemwoa Scolastika, binti wa baba yake mdogo, na mtu aliyeshuka kutoka Maguu, milimani, akaja kuishi ziwani kwa wakwe zake hana ubishi mwingi wa kutumia. Anautunza kwa siku kubwa.

Dada Edina amekwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atakaa kwa Winnie, binti wa kaka yake, mpaka baada ya Pasaka. Kabla hajaondoka ukoo ulikaa uani kwa huyo kaka yake, Bwana Baltazar, fundi wa mitumbwi na mbao.

"Mtu mzima, muuguzi mstaafu," alisema Baltazar, "analala kwenye gari kama mzigo uliokosa mwenyewe. Watu wananiuliza, dada yako kafukuzwa na nani? Nimemjengea chumba. Kina dirisha linaloangalia ziwa. Alikiangalia kama mtu anayeangalia jeneza."

"Sikukiangalia hivyo," alisema Dada Edina. "Nilikuwa sioni vizuri."

Mzee Cleopa, mkubwa wa ukoo, ambaye hupenda kikao kiishe chai ikiwa bado ya moto, akataka neno la mwisho. Dada Edina akasimama.

"Nikirudi, nitawasha gari mbele yenu wote. Lisipowaka, au mkikuta limeoza ndani, mlivute mkalifanye banda la kuku, nami nahamia chumba cha Baltazar. Likiwaka, sitaki kusikia tena habari ya nyumba mpaka nife."

"Umesikika," alisema Mzee Cleopa.

Kisha akanipa ufunguo mimi. Mbele ya kaka yake. Sijui nimepewa heshima au nimewekwa katikati ya ng'ombe wawili.

Desemba 5

Maagizo yako kwenye karatasi, herufi kubwa kama za ubaoni, maana aliandika kwa macho yale yale. JOKOFU LIACHWE WAZI. Jokofu wazi! MAGODORO YASIMAME. MATAIRI YAZUNGUSHWE ROBO KILA MWEZI. MPIRA WA MILANGO UPAKWE UNGA WA TALKI. USIOSHE KWA MAJI YENYE MCHANGA. BETRI INAKULA JUA, IACHE ILE. Hili la mwisho nililielewa nilipopanda juu na kuona kioo cheusi kimelala kwenye paa, kando ya dirisha dogo. Nimekifuta kwa kitambaa laini.

Miaka kumi na nne nilikuwa mtunza majengo kwa mapadre wa Kigonsera, na kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia vitumbua, ndiyo maana nilikuwa najua habari nyingi zisizo na mwisho. Lakini kote huko sijapata kukutana na chombo kinachotaka kupakwa poda kama mtoto.

Desemba 9

Mvua ya kwanza. Ilipiga paa la Konokono kwa sauti ya bati la wageni, si kama letu.

Desemba 12

Ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Dada Edina ameshafunikwa jicho moja, kwa hiyo anayeandika ni Winnie: "Shem Xaveri nilisahau jambo moja. Ziba matundu manne ya chini kabla mvua hazijakolea. Muhimu kuliko yote. Edina."

Nikalala chali chini ya gari. Kweli, kuna matundu manne sakafuni, kila moja la kuingia kidole gumba. Cha ajabu, mawili yamekwisha kuzibwa kwa udongo laini, umepapaswa vizuri kuliko chungu cha Lituhi. Nikajiuliza nani amenitangulia. Mawili yaliyobaki nikayaziba kwa magunzi ya mahindi.

Na kwa kuwa gari limeegeshwa kwenye mteremko, kichwa kikiangalia barabara, nimechimba ngolo juu yake na chini yake. Kwetu Matengo hatumwachii mvua mteremko. Unapanga majani kwa miraba, unafukia, katikati unaacha shimo, na maji yote yanakaa humo yakinywewa polepole. Ndivyo babu zetu walivyozuia milima isihamie ziwani. Baltazar alipita akasimama.

"Shemeji wa milimani, unapanda nini, magari?"

"Nazuia maji, shemeji."

"Sisi huku maji tunayaacha yaende. Yana kwao, pale chini."

Desemba 16, Jumatatu

Matundu yote manne yako wazi. Yale ya udongo pia. Magunzi yamelala chini, yamepangwa pamoja kama vijiko. Panya hapangi.

Desemba 17

Nimeziba tena. Matambara.

Desemba 23

Wazi.

Desemba 25

Krismasi. Scolastika amepika wali kwa dagaa. Hakuna aliyegusa matundu ya mtu.

Januari 2

Mvua.

Januari 3

Mvua.

Januari 4

Mvua na Baltazar. Alikaa barazani kwetu saa nzima akilisema vibaya gari. Limekaa kama jino bovu. Linatisha mbuzi. Halina hata kizingiti, na nyumba isiyo na kizingiti utamkaribisha mgeni wapi? Kisha, akiaga, bila kunitazama: "Mvua za mwaka huu zinaingia mpaka kwenye mifupa. Ndani mle pakavu?"

"Pakavu."

"Mh," alisema. Sikujua ni mh ya furaha au ya huzuni. Ameondoka na mwavuli wangu.

Januari 11

Nimezungusha matairi robo. Unainua kwa jeki, unalizungusha, unalishusha, kama mgonjwa wa kugeuzwa asipate vidonda. Sasa naelewa kwa nini muuguzi ndiye aliyeandika.

Kuvu wameanza kwenye mapazia. Nafuta kwa siki. Scolastika anasema nanuka achari na kwamba magodoro ya gari yamesimama kama askari wakati letu limelala limekufa. Anataka kujua ni lini na yeye atapakwa talki.

Januari 13, Jumatatu

Nilikuwa nimechonga vizibo vinne vya mkaratusi na kuvigonga kwa nyundo. Vyote vimetolewa. Havikutupwa. Viko juu ya gurudumu la akiba, vimefutwa udongo.

Nimekaa kitako chini ya gari nikifikiri. Mwizi angeondoka navyo. Mtoto angevirusha ziwani. Mtu anayetaka kuharibu asingevifuta. Nani huyu mwenye adabu anayenifungulia maji nyumbani mwa watu? Na kwa nini nagundua Jumatatu kila mara?

Januari 20, Jumatatu

Safari hii nimekata vizibo kwenye soli ya ndala za zamani za Scolastika. Mpira unabana. Havikufika hata wiki. Yeye amegundua ndala, mimi nimegundua matundu, wote tumekasirika.

Februari 9, Jumapili

Nimemwona.

Sikumwona akifanya. Nimeona shati. Baltazar aliingia kanisani wakati wa mahubiri, akakaa benchi la mbele yangu. Shati lake jeupe la Jumapili lilikuwa safi kifuani, na mgongoni lina udongo kutoka bega hadi bega. Mtu akianguka huchafuka magoti. Akikaa huchafuka makalio. Wa mgongoni ni mtu aliyelala chali chini ya kitu. Mimi huwa nasali Misa ya kwanza kila Jumapili, na nyumba hadi nyumba kila mtu anajua nitakuwa wapi saa hiyo. Leo tu nimechelewa, nikasali ya pili, nikaona mgongo.

Nilirudi nyumbani nikimwambia Scolastika, na sauti yangu haikuwa ya Jumapili.

"Kaka yako anataka gari lioze. Anafungua matundu maji yaingie. Dada Edina akirudi akute uyoga, ahamie chumba chake cha dirisha."

"Kamuulize."

"Shemeji haulizwi hivyo. Shemeji anataniwa."

"Basi mtanie mpaka aseme," alisema, na kuendelea kumenya muhogo.

Februari 11

Nimemtania. Nilimkuta anachonga ubavu wa mtumbwi.

"Shemeji," nikasema, "kwangu kuna panya mkubwa. Yeye hali kitu. Anafungua tu vilivyofungwa."

Akapuliza vumbi la mbao. "Ajabu. Mimi nimesikia habari za panya mwingine. Huyo anafunga vilivyofunguliwa. Huyo ndiye wa hatari."

"Wa hatari kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba."

Tukacheka, maana ndiyo sheria. Nilicheka mpaka nikafika kwangu. Nikakaa nikajaribu kulielewa lile jibu, nikalipindua kama shati, ndani na nje ni sawa. Ina maana ananijua. Ina maana ananishutumu mimi, ninayeziba! Mtu anakuibia kuku halafu anakuuliza mbona unafuga.

Februari 26

Wale wadudu wadogo wa ziwani wamepanda leo kama moshi, wakaingia mpaka kwenye jokofu, lile linaloachwa wazi. Nimefagia kilo. Kuna waliokuja na vikapu wakachota wakaenda kukaanga. Mimi Mmatengo, bado sijafika huko.

Machi 2, Jumapili

Sikwenda Misa ya kwanza. Nilijificha nyuma ya mgomba nikamsubiri. Hakuja. Alikuwa Misa ya kwanza, ameketi mahali pangu, Scolastika ananiambia. Tunawindana.

Machi 10, Jumatatu

Matundu wazi. Basi. Nimechimba udongo wa kichuguu, nikachanganya na majivu na utomvu wa mgomba, nikaziba yote manne kwa namna ambayo bibi yangu alizibia ghala. Udongo huu ukikauka, spana inaomba radhi. Kisha nikasimama mbele ya Konokono na kumwambia kwa sauti, "Sasa umefungwa." Scolastika alikuwa anapita na ndoo. Hakusema kitu. Miaka yote ya ndoa yetu iko kwenye ule ukimya.

Machi 11

Mvua, mchana kutwa.

Machi 12

Mvua. Ngolo zangu zimejaa hadi ukingoni, na mteremko haujahama hata kiganja. Wakati huo jiko la jirani limeteremka hatua tatu bila kuaga. Nimejisikia Mmatengo.

Machi 13

Mvua.

Machi 14

Mvua. Barabara ya Mbamba Bay haipitiki. Nimemwangalia Konokono kwa mbali. Nimeridhika.

Machi 16, Jumapili

Nitaandika pole pole, maana mambo yalikuwa mengi na mimi nilikuwa chini yao.

Mvua ilikatika asubuhi. Sikwenda Misa ya kwanza. Nilitaka kufungua madirisha apate hewa. Nikafungua mlango, nikaweka mguu sakafuni, na sakafu ikanijibu. Ilisema *chwaa*. Nikaweka mguu wa pili. Ile ngozi ya plastiki iliyotandikwa sakafuni ilikuwa imevimba kama tumbo, na kila nilipokanyaga, maji yalitoka pembeni.

Nilichanganyikiwa, naandika bila haya. Matundu yamezibwa. Nilikwenda kuchungulia: yako kama nilivyoyaacha, magumu kama jiwe. Hakuna aliyegusa. Na ndani kuna maji. Kwa miezi mitatu mtu alikuwa anafungua na ndani palikuwa pakavu. Safari hii hakufungua na ndani ni ziwa. Nilisimama mlangoni nikaangalia Ziwa Nyasa pale chini, kana kwamba lenyewe ndilo litanieleza limepandaje.

Tone likanidondokea shingoni. Nikatazama juu. Dirisha dogo la paani, mpira wake umepasuka, na maji yanaingia taratibu kwa muda wake. Siku sita.

Nikatambaa chini ya gari na patasi nikaanza kugonga udongo wa kichuguu kwenye tundu la kwanza, nikitaka kuona tu. Niliona. Kizibo kilipotoka, maji ya sakafu yakanishukia usoni, mdomoni, ndani ya shati, maji ya baridi yenye harufu ya siki yangu mwenyewe. Nilipofungua macho, niliona kando ya gurudumu miguu miwili ya mtu, halafu magoti, halafu Bwana Baltazar kalala chali pembeni yangu, na mkononi ana spoku ya baiskeli.

Tukatazamana. Wanaume wawili wenye wajukuu.

"Hatimaye umefungua," alisema.

"Nafungua mimi? Wewe ndiye unayefungua! Miezi mitatu!"

"Kwa nini wewe unaziba?"

"Kwa sababu nimeagizwa!"

"Na nani?"

"Na dada yako!"

"Na mimi nimeagizwa na dada yangu. Alinipigia Desemba, akasema, kaka, najua hulipendi, lakini nakuomba jambo moja tu, usimwambie mtu. Nyigu wanaojenga kwa udongo huziba yale matundu kila masika. Yakizibwa, maji yakiingia juu hayana pa kutokea, sakafu inaoza. Kila wiki pita uzibue."

Nyigu. Wale mafundi wa udongo laini wa Desemba. Nilikuwa nimewasifu.

Nikatoa simu. Ilikuwa imelowa lakini iliwaka. Nikamwonyesha: *Ziba matundu manne ya chini.* Baltazar alisoma akisogeza midomo, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa ziba."

"Ndiyo."

"Yeye alisema zibua."

Tukampigia Winnie tukiwa bado chini. Alikuwa anatoka kanisani. Kukawa na kelele, kisha tukamsikia Dada Edina nyuma yake: "Wanasemaje? Nani yuko chini ya gari? Nilisema zibua! Zi-bu-a!"

"Jamani, samahani," alisema Winnie. "U ilinitoroka."

Herufi moja. Nimeishi nikiamini kwamba nasoma vizuri kuliko watu wanaonizunguka. Nilisoma vizuri kabisa. Kila herufi iliyokuwapo niliisoma.

Kilichobaki sikukielewa ndicho nilichomuuliza Baltazar tulipokuwa tunazibua matundu matatu yaliyosalia, yeye kwa spoku, mimi kwa patasi.

"Lakini wewe unataka lisiwake. Lingeoza, ungeshinda. Kwa nini ulale kwenye tope kila Jumapili na shati la kanisani?"

Aliendelea mpaka tundu la tatu likatoa maji.

"Alipoondoka mara ya kwanza alisema anakwenda miaka miwili. Alikaa thelathini na mmoja. Mama alikufa akiuliza kama basi limefika." Akaingiza spoku akaizungusha. "Nataka akae kwenye chumba, shemeji, kwa sababu chumba hakina magurudumu. Lakini akikuta gari limeoza atasema sisi ndio tumeliozesha. Atakaa miezi miwili kwa hasira, kisha atapanda ndege. Nataka ashindwe, ndiyo. Ila ashindwe vizuri."

Nikampa patasi.

Machi 18

Tumefunua ile ngozi. Ubao karibu na sinki umelika, unapondeka kama ugali wa jana. Baltazar amepima kwa kamba. Sharti lake: Mzee Cleopa asijue. Mchana, watu wakipita, analitukana gari akiwa nje. Wakishapita anaingia na msumeno.

Machi 22

"Takataka hii!" alipiga kelele leo, mama mmoja akipita na kuni. "Ingekuwa yangu ningeichoma!" Kisha akainama na kunong'ona: "Niletee msasa, ule mlaini."

Machi 24

Nimepata silikoni Mbamba Bay. Nimebandika mpira mpya wa dirisha la paani, kisha juu yake nikatandika turubai zito, nikalifunga kwa kamba pande zote nne. Sitaki tone tena. Turubai limekaa vizuri, limefunika kila kitu.

Aprili 5

Ubao mpya umeingia kama ulizaliwa humo. Tumekausha kwa jiko la mkaa, madirisha wazi, mmoja akiangalia moto na mwingine akiangalia barabara.

Aprili 20

Pasaka. Baltazar na mimi tumekaa benchi moja. Migongo yote miwili safi. Scolastika amepata ndala mpya.

Aprili 24

Dada Edina amefika. Ananitazama usoni kwa muda mrefu. "Xaveri," amesema, "kumbe una mvi."

Aprili 26, Jumamosi, Muungano

Sikukuu, kila mtu yuko nyumbani, ukoo mzima umepanda mteremkoni. Mzee Cleopa aliletewa kiti. Akaingia kwanza kukagua ndani, akagonga sakafu kwa fimbo kila mahali, hata pale kwenye sinki. Akatoka. "Pakavu," alisema. "Pananukia mbao." Baltazar aliangalia ziwa.

Nilikuwa nimeondoa turubai asubuhi ile ile, apendeze.

Dada Edina akakaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akazungusha ufunguo. Konokono akasema *kh*. Akazungusha tena. *Kh.* Mara ya tatu hakusema kitu.

Hapo ndipo nilipotazama paa, nikaona kioo cheusi kinang'aa juani, na nikakumbuka. Betri inakula jua. Wiki nne na zaidi nilikuwa nimemfunika chakula chake kwa turubai na kukaza kamba pande zote nne. Mtu aliyeambiwa maisha yote kwamba kazi yake ni kuzuia, anazuia mpaka jua.

Dada Edina ameshika usukani kwa mikono miwili, hajageuka. Watu wanamtazama Baltazar. Ameshinda, kinachosubiriwa ni aseme tu, kwa sauti ya pole, kwamba chumba kiko tayari. Alivua koti. Akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha gari.

"Shemeji," aliniambia, "jembe."

"La nini?"

"Mashimo yako ya Kimatengo yako mbele ya magurudumu. Litashukaje?"

Tulifukia ngolo mbili mbele ya ukoo wote. Kisha akaenda nyuma, akaweka bega kwenye Konokono, akapaza sauti: "Edina! Weka gia ya pili, ukanyage klachi! Nikisema, achia!" Vijana wakaja, wajomba wakaja, mimi nikaja. Gari likaanza kuteremka, taratibu, kisha si taratibu. "Achia!" Likashtuka, likakohoa moshi mweusi uliotupaka wote, na likanguruma.

Likafika barabarani. Likakata kona. Likaenda zake kuelekea Liuli.

Tukabaki tumesimama mteremkoni. Mzee Cleopa akagonga fimbo.

"Kikao hakijaisha. Dada yenu alisema, likiwaka. Sasa mniambie. Hili limewaka, au limewashwa?"

Kelele zikaanza. Limewaka, injini si ilinguruma? Limewashwa, hamkuona watu kumi nyuma yake? Kuwaka ni lenyewe. Hakuna gari linalowaka lenyewe, hata la waziri. Mimi nikajifuta moshi usoni. Nimekwisha kuumizwa na mwisho wa kitenzi mwaka huu.

"Mwenye kudai ni Baltazar," alisema Mzee Cleopa. "Baltazar aseme."

Baltazar alikuwa hatazami kikao. Alikuwa anatazama ile kona ya barabara, uso mweusi kwa moshi, mikono imelegea. Pale kwenye kona hapakuwa na kitu.

"Limewaka," alisema.

Watu wakatawanyika. Yeye hakuondoka. Koti lake lilikuwa limekwenda na gari. Nilikaa naye, tukahesabu bodaboda. Saa moja ikapita, na zaidi. Sikutania.

Kisha tukamsikia kabla hatujamwona. Konokono akarudi, koti linapepea kwenye kioo, akapita mteremko wake bila kupunguza mwendo, akaingia uani kwa Baltazar, akarudi nyuma, mbele kidogo, nyuma tena, mpaka mlango wake ukatazamana na mlango wa kile chumba, hatua nne katikati. Injini ikazimwa.

"Betri ilikuwa inataka mwendo wa saa nzima," alisema Dada Edina akishuka na mbasa wawili mkononi. "Nimefika Liuli nikageuza. Na nitaegesha hapa. Kule kwangu mashimo ni mengi mno." Akachungulia dirishani mwa chumba, safari hii kwa karibu. "Kumbe linaonyesha ziwa kweli."

"Nilikwambia," alisema Baltazar.

"Nitaweka humo nguo na vyombo. Kulala, nalala kwangu."

Nani ameshinda? Nimemuuliza Scolastika. Ameniambia nilete ndoo.

Aprili 28

Nyigu wameanza tena, tundu la tatu. Nilipolala chini nikasikia mtu anatambaa upande wa pili. Ni Baltazar. Safari hii amekuja na spoku mbili.